Barua kwa mwanangu: ile pampu ya baba yako

Mwanangu,

Meseji yako ya usiku nimeisoma asubuhi, nikaona nisijibu kwa voisi maana ningelia na we hupendi. Unasema umefanya kila kitu, umetuma maombi ya kazi mpaka umechoka, umesali mpaka umechoka, na sasa unakaa tu hapo chumbani. Haya. Majibu ya mchungaji mi sina ila nina stori ya pampu, na baba yako unamjua, kwa hiyo kaa vizuri.

Iligoma wiki ileile ambayo jumuiya ilikuwa isali kwetu Jumamosi. Si unajua hapa Kimara maji ya bomba yakija yanaingia tenki la chini, halafu pampu ndo iyapandishe kwenye simtank. Sasa pampu inawaka, inanguruma safi kabisa, ila juu hakufiki hata tone. Nikasema tuite fundi. Baba yako akaniangalia kama nimemtukana, fundi wa nini, mimi niliyekula maisha karakana ya reli niitiwe fundi bomba? Nikanyamaza nikachukua ndoo.

Akabadilisha kapasita. Akafungua mota yote akaitandaza mezani sebuleni, juu ya vile vitambaa vyangu vya kufuma. Akapanda mwendokasi hadi Gerezani kufuata sili, zile za kuzuia maji yasivuje kwenye mota, akarudi na sili ndogo, akarudi tena Gerezani na hasira zake. Usiku yuko kwenye simu anaangalia video ya Mhindi anaongea Kihindi tupu na yeye anatikisa kichwa kwamba anaelewa. Sala ya jioni ikawa ya mbio, Amina haijaisha yeye yuko nje na tochi, na kuna usiku nikamsikia huko nje anamsemesha Mungu, tena si kwa upole, anasema umeona mwenyewe nimefanya kila kitu. Ndo maana nilivyosoma meseji yako nikacheka kidogo, nisamehe.

Ijumaa nikampigia yule kijana wa nyumba ya pili anayebeba mabomba kwenye pikipiki. Shikamoo mzee, na mzee marahaba ikamtoka kwa shida. Kijana mota hata hakuigusa jamani! Aliomba maji ya sabuni ya unga, akasema Bismillah, akawasha, akawa anapaka povu kwenye maungio ya bomba la kunyonyea lile linalotoka tenkini. Kufika kwenye yunioni, kile kiungio cha kufungua na kufunga, povu likanyonywa ndani, fyuu. Baba yako akaruka, hapo hapavuji, pakavu kabisa, nimepakagua mwenyewe! Kijana akamjibu taratibu, ndo maana ni pakavu mzee, upande huu pakiwa na tundu maji hayatoki, hewa ndo inaingia.

Halafu akaeleza kitu ambacho mi nilikuwa sijawahi kukisikia. Kwamba pampu haiyavuti maji kama tunavyodhani. Yenyewe inapunguza tu mgandamizo ndani ya bomba, na hii hewa ya nje tunayopumua ndo inayakandamiza maji kule tenkini mpaka yanapanda yenyewe. Ndo maana hata pampu iwe na nguvu vipi, ukiiweka juu ya kisima haiwezi kunyonya zaidi ya mita 10 hivi, na mafundi wanakuambia 7 au 8 tu, hapo ununue hata ya milioni haisaidii. Na kabla ya kuwasha lazima uijaze maji kwanza, hewa yote itoke, maana ikizunguka kavu sili zinaungua. Za baba yako zilikuwa zimeungua, zile mpya za Gerezani. Kilichotakiwa ni kampira ka ndani ya yunioni ambako bei yake haifiki hata sahani ya wali maharage.

Sasa mwanangu usinielewe vibaya, sisemi imani yako ndogo, hao wanaowaambia vijana wasio na kazi maneno hayo wananikera sana. Nguvu unazo, mota yako haina shida hata kidogo. Ila naona unazunguka kavu. Shangazi yako wa Tabata kila tukionana anauliza vyeti vyako, ana mtu huko Mwanza wa kumpa, na we unasema hutaki uonekane omba omba. Kwa nani? Kwa shangazi aliyekubeba mgongoni? Mtumie leo. Halafu ule, maana nakujua ukiwa na mawazo unashindia chai. Na kusali, kama maneno yameisha sali Baba Yetu peke yake ulale, usimpigie Mungu hesabu ya ulivyojitahidi, anaijua.

Jumuiya walikuja, maji yalikuwepo, mama mwenyekiti akasifia hadi choo. Baba yako siku hizi majirani wakiharibikiwa anampeleka yule kijana mwenyewe, anasimama pembeni anamshikia spana na kueleza watu habari za mgandamizo wa hewa kana kwamba ameivumbua yeye. Ukipiga simu usimtanie, au mtanie kidogo tu. Na shangazi namba yake mpya nitakutumia sasa hivi.

Mama