Risala ya wazima moto wa kujitolea wa kando ya Msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa wilaya na wa gombolola zilizo chini yake,
Maafisa wa misitu,
Wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya serikali za mitaa, wazee wetu, walimu, mama zetu na ndugu wote mliohudhuria,

Karibuni sana. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kukaa nasi chini ya mwembe huu. Tuliomba siku hii iwe mwanzoni mwa Desemba kwa makusudi. Mvua ndiyo kwanza zimekatika. Nyasi za kando ya barabara uliyopita bado zina ubichi chini, lakini juu zimeshageuka rangi, na upepo wa kaskazini-mashariki ukishaanza kuvuma baada ya Krismasi zitakuwa kama karatasi. Kuanzia hapo hadi mvua za Machi, usingizi wetu ni wa mang'amung'amu.

Risala hii tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayoitana nayo motoni. Tangu enzi za viwanda vya mbao, watu walikuja Budongo kutafuta kazi kutoka West Nile, Acholi na ng'ambo ya Kongo, wakawakuta Wanyoro wenyeji. Katika kikundi chetu yuko Mlugbara, yuko Mualuri, yuko Mnyoro, yuko mama aliyezaliwa Bunia, Kongo. Moshi ukishatanda hakuna anayemwona mwenzake, na neno "rudi!" lazima wote walielewe papo hapo.

Msitu tunaopakana nao una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 800. Ndani yake kuna mikangazi ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia, kuna mivule, kuna mamia ya sokwe, na mito ya Sonso na Waisoke hupita humo ikielekea Ziwa Albert. Wengi husema msitu kama huu hauungui, na kwa sehemu wanasema kweli. Katikati yake ni kivuli na unyevu. Moto ukitoka kwenye nyasi ukafika chini ya miti mikubwa, mara nyingi hufifia wenyewe. Ndiyo maana asiyeishi hapa haioni hasara.

Hasara iko ukingoni. Kila kiangazi moto unaramba hatua chache. Miche ya mkangazi yenye unene wa kidole hufa yote. Mti mkubwa huunguzwa gome upande mmoja, ukabaki umesimama, tukasema umepona, halafu misimu miwili baadaye unaanguka na kuacha uwazi wa jua. Penye jua huota nyasi na vichaka vya lantana, na hizo ndizo kuni za moto unaofuata. Moto wa mwaka huu huufungulia mlango wa mwakani. Kinyume chake pia tumekiona kwa macho yetu. Pale ambapo ukingo umenusurika miaka kadhaa bila moto, miti ya misizi huota yenyewe katikati ya nyasi, na chini ya kivuli chake miti mingine hufuata. Msitu huwa unatembea kuja kwetu, Mheshimiwa. Sisi ndio tunaourudisha nyuma kwa kibiriti.

Wala ubaridi na mvua si kinga ya kutegemewa. Februari 2012 moto uliunguza Rwenzori huko juu, kwenye milima tunayoijua kwa ukungu, matope na theluji. Na nchi yetu haina misitu ya kuchezea: mwaka 1990 misitu ilifunika takriban asilimia 24 ya ardhi ya Uganda, na kufikia 2015 ilibaki kama asilimia 9. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na shoka na jembe, hilo hatulifichi. Lakini palipopita shoka, moto ukifuata, hapaoti tena kitu cha maana.

Ruhusu tukueleze usiku mmoja tu wa Februari iliyopita.

Ilikuwa saa tatu usiku. Mwanafunzi mmoja alitoka nje kwenda msalani akaona wekundu nyuma ya mashamba ya miwa. Akapiga debe kutuita. Tulifika watu 19, tukiwa na mapanga, majembe, na mabomba mawili ya kupulizia dawa shambani tuliyoyajaza maji. Zana yetu kubwa ni tawi bichi lenye majani mengi. Mgeni wa kazi hii huliinua juu na kulipiga kwa hasira, cheche zikaruka nyuma yake na kuwasha pengine. Tunafundishana hivi: shusha, gandamiza, buruta kuelekea palipokwishaungua. Usisimame mbele ya moto hata siku moja. Uingie ubavuni ukitokea kwenye majivu, uubane upande huu na upande ule hadi kichwa chake kiwe chembamba. Na ukiwa mlimani, usiwe juu yake, kwa maana moto hupanda mlima mbio kuliko mtu.

Saa nane tulifika kwenye misonobari michanga ya mzee mmoja wa kijiji. Msonobari una utomvu, na sindano zilizokauka chini yake huwaka kama zimemwagiwa mafuta ya taa. Tuliona wazi kwamba hatuwezi kuiokoa yote. Mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyesema, "Acheni safu nne za mbele, limeni hapa." Tukalima mkanda wa upana wa mita tatu hadi udongo mwekundu ukatokea, huku safu zake nne zikiwaka mbele ya macho yake. Moto ulifika kwenye udongo ukakosa cha kula. Asubuhi tulizunguka kisiki kwa kisiki tukikaribisha mgongo wa kiganja kusikia joto, kwa kuwa kisiki kinaweza kubeba moto tumboni siku tatu kisha upepo ukautoa. Katika mzunguko huo mama mmoja alikanyaga shimo lililoachwa na mzizi ulioungua ndani kwa ndani. Alikuwa amevaa ndala. Alikaa wiki sita bila kwenda shambani.

Kulipokucha vizuri tulifuata majivu hadi ulikoanzia. Mheshimiwa, moto ule haukuwashwa na mwindaji wa ndezi, wala mrina asali, wala mchungaji anayetafuta majani mapya, ingawa hao wote tunao. Uliwashwa na mwanakikundi mwenzetu. Alikuwa akisafisha shamba la mahindi kabla ya mvua. Alingoja giza ili asionekane, akawasha mabua, akaingia ndani kulala. Alisimama mbele yetu akalia, na amekubali tulisimulie hili leo. Alituuliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake: "Ningeomba ruhusa kwa nani?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tukuombe uje.

Sheria ipo tangu 1974: kuchoma nyasi ni marufuku nchini Uganda, isipokuwa kwa ruhusa ya wenye mamlaka na chini ya usimamizi. Ni sheria nzuri, na hatuombi ifutwe. Lakini hapa kwetu watu wanaijua nusu yake tu. Marufuku wanaijua, ruhusa hawajawahi kuiona. Kutoka kijiji cha mbali hadi gombolola ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na mtu huyo hana hakika kama atamkuta ofisini wa kumhudumia. Basi mkulima haendi kuomba. Anachoma usiku, peke yake, bila mkanda, bila jirani, bila ndoo ya maji, na hawezi hata kupiga kelele moto ukimshinda kwa sababu akipiga kelele amejishtaki. Tumezima mioto ya namna hiyo mingi kuliko ya aina nyingine yoyote. Moto wa mchana wenye watu kumi pembeni haujatushinda hata mmoja.

Tunachokuomba kwanza, basi, ni ruhusa hiyo isogezwe karibu. Wenye mamlaka wamteue mtu katika kila kijiji au parokia ya kiserikali, anayejulikana kwa jina na kwa nyumba, atakayepokea maombi na kuja kulikagua shamba. Kuchoma kufanyike alfajiri hadi saa tatu asubuhi, umande ungalipo, mkanda ukiwa umeshalimwa na majirani wamesimama. Siku za upepo mkali, na mashamba yanayogusa msitu wenyewe, marufuku ibaki marufuku bila huruma. Tangazo lisomwe kanisani, msikitini na gulioni, kwa lugha zetu zote, kabla ya Krismasi na si baada ya moshi kuonekana. Huku nyuma sisi tutaendelea kuwashawishi wenzetu kulaza mabua shambani yaoze badala ya kuyachoma. Kaya chache zimeanza, na udongo wao unakaa na unyevu muda mrefu zaidi.

La pili ni vifaa, nalo halina maneno mengi. Tunahitaji pampu za maji za kubeba mgongoni, vipigio vya mpira vyenye mpini mrefu, tochi, na buti. Buti hasa. Gari la zimamoto, hata likifika barabarani, mpira wake hauwezi kufika ndani ya nyasi na miti tunamofanyia kazi. Hapo ni miguu ya watu tu.

La tatu, Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inaruhusu vikundi vya jamii kuingia mkataba wa usimamizi shirikishi na Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Tunaomba utusaidie tufike kwenye meza hiyo. Mtu anayeamka saa nane za usiku kuulinda msitu anastahili kujulikana kwa maandishi, ajue kuni kavu, uyoga na mizinga yake ya nyuki ni halali, na akiumia kuwe na wa kumtazama. Mama yule aliyeungua mguu alitibiwa kwa michango yetu wenyewe. Leo amekaa safu ya pili, mwenye leso ya kijani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya chai tunakuomba utembee nasi hadi kwenye misonobari ya mzee. Ni mwendo wa dakika ishirini. Utaona safu nne nyeusi, utaona mkanda, na ng'ambo ya mkanda utaona miti iliyokuzidi kimo. Mkanda wenyewe umeanza kuota nyasi tena. Kesho kutwa, Jumamosi saa moja asubuhi, tunaulima upya, na yeyote mwenye jembe anakaribishwa.

Tunaomba kuwasilisha.