Kabla ya kulipa inskripsyo (kujiandikisha chuoni), omba kuona TFC

Bwana Mhariri,

Mi niko na sekretariya ndogo kwa njia ya Kasapa hapa Lubumbashi, mashine mbili za fotokopi na ordinateri moja, na kila mwaka matokeo ya Egzeta, ule mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari, ikitoka nasikia mazungumzo ile ile ya wazazi wakisimama pale mlangoni wakingojea kopi za bulteni za mtoto. UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, ao chuo cha binafsi? Poliko (uhandisi) ao droa (sheria)? Kwa mapadri ao kwa waprotestanti? Mmoja anasema kule kuko nidhamu, mwingine anasema pale minervali, karo ya mwaka, iko chini, mwingine tena anasema mtoto wa kaka yake alisoma huko na leo anatumika Kolwezi. Nani atafundisha huyu mtoto, hiyo hakuna anauliza.

Mi si profesa. Lakini makaratasi ya vyuo vingi vya huu mji inapita mkononi mwangu, na mtu akipiga kopi muda mrefu anaanza kusoma bila kutaka.

Kuko finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anakuja na brujoni (rasimu) ya TFC yake, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, imejaa bic nyekundu pembeni, "hii umetoa wapi?", "hesabu upya", ukurasa mzima umekatwa msalaba, anarudi wiki inayofuata na ingine nyekundu tena, analalamika franga ya kuchapisha imeisha na anamtukana direkteri wake, mwalimu anayesimamia kazi, wote tukisikia. Na kuko mwingine anakuja na kle USB, ndani kuna TFC ya promosyo (wanafunzi wa mwaka) iliyopita, anaomba kijana wangu wa kuchapa abadilishe jina la kampuni, mwaka, na ule ukurasa wa mbele wa shukrani. Basi. Kuna mmoja, kijana hata hajaoa, alisahau kubadilisha shukrani, kazi yake ikatoka imeandikwa "kwa bwana wangu mpenzi na watoto wetu". Tulicheka mpaka machozi, lakini kisha siku mbili nikaiona tena imesainiwa na direkteri, na shukrani bado ni ile ile, na hapo sikucheka tena. Chuo sitataja.

Njo maana nasema kwa wazazi na kwa vijana waliopata diploma ya Leta mwaka huu, mbele ya kulipa inskripsyo tafuteni finalisti wa ile fakilte (kitivo) munayotaka, mumuombe kwa adabu awaonyeshe brujoni yake. Kama kuko nyekundu nyingi, pale kuko mtu anasoma kazi za wanafunzi. Kama iko safi toka mwanzo mpaka mwisho, ulizeni maswali.

Nimesema fakilte, sikusema chuo, na hapa wengi tunachanganya. Watu wanasema UNILU iko toka enzi ya Wabelgiji, na ni kweli ilianzishwa mwaka 1955 wakati mji ulikuwa bado Elisabethville, lakini umri haufundishi mtu. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa kimoja, UNAZA (chuo kikuu cha taifa cha Zaire), fakilte zikagawanywa, letere (lugha na fasihi) na sayansi za jamii zikaja huku, saikolojia ikaenda Kisangani, na hata walipotenganisha vyuo tena 1981 kila mji ulibaki na kile kilichoota mizizi pale. Basi jina kubwa la chuo linaweza kuwa kubwa sababu ya fakilte mbili tatu, na ile ya kwako ikawa imelala.

Halafu kuko maprofesa wageni. Chuo kinaandika majina ya maprofesa kumi kwa bango, kumbe wengi wako Kinshasa, mtu anashuka ndege, anapiga somo la saa 45 kwa siku chache, asubuhi mpaka giza, anarudi, anaacha asistanti na sylabusi, kitabu cha somo cha kupiga kopi (mi nakula pale, siwezi kukana, siku hizo mashine hazilali). Sisemi ni kosa lao, maprofesa hawatoshi. Lakini uliza ni wangapi wanaishi hapa Lubumbashi, sababu huyo wa ndege nani atamuuliza swali mwezi wa tatu?

Kwa pesa nitasema kidogo tu: usiulize minervali peke yake, uliza na enrolema (pesa ya kuruhusiwa kufanya mitihani) za kila sesyo, sylabusi, staji, TFC, uandikiwe yote kwa karatasi.

Na hii LMD, mpango mpya wa masomo ya lisansi, masta na doktora, bado inapoteza wazazi. Zamani mtoto akisema niko L1 tulijua amemaliza gradua, ile miaka mitatu ya kwanza, bado miaka miwili tu. Sasa L1 ni mwaka wa kwanza kabisa! Lisansi ni miaka 3, kredi 180, halafu masta miaka 2, kredi 120. Baba mmoja alisimama hapa kwangu anajisifu binti yake yuko L1 na anamaliza karibuni, sikuwa na moyo wa kumwambia.

Juu ya poliko, jameni. Kila mtu anataka min (uchimbaji madini), geoloji, metalurji, sababu ya kobalti, sababu ya migodi ya Fungurume na Kolwezi, ninaelewa, hata mi ningetaka. Lakini mtoto ambaye hesabu ilimshinda sekondari mnamupeleka kule kufanya nini? Fakilte ya veterineri (udaktari wa mifugo) iko hapa hapa UNILU, iko agronomi, na huu mji unakula unga na kuku vinavyoingia kila siku kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ukitaja veterineri mzazi anakukazia macho, utafikiri umetukana mtoto wake.

Ombi langu kwako Bwana Mhariri ni moja. Kuko vyuo vinafungua filiere (tawi la masomo) mpya na bango la rangi, lakini ukiuliza arete ya waziri, ile karatasi ya ruhusa, ya ile filiere wanakuambia iko Kinshasa inasainiwa, na mtoto anasoma miaka mitatu akingojea ile saini. Gazeti lenu lina watu, mtume mmoja aombe orodha ya vyuo vya hapa vilivyo na arete, na filiere gani zimo ndani, muichapishe mbele inskripsyo hazijafunguliwa. Mi nitaipiga kopi na kuibandika hapa mlangoni bure.

Mwenye sekretariya,
Njia ya Kasapa, Lubumbashi