Kaka wa kikombe nusu, asante sana

Kaka yangu, jina lako silitaji maana kule AA, kwenye mikutano ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, majina yanabaki humo humo, ila popote ulipo pokea shukrani zangu. Siku ile nilishapita mbele ya ule mlango mara tatu najifanya naongea na simu, kumbe simu yenyewe imezima chaji, mikono inatetemeka nimeificha mfukoni. Ukatoka ukaniambia "ingia tu, hapa hakuna anayekuuliza kitu". Basi. Mi nilidhani kuna fomu, kuna kiingilio, kuna mtu wa kunihubiria, kumbe sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha pombe, na kikapu cha mchango kikipita usipoweka kitu hakuna anayekukodolea macho. Ukanimiminia chai nusu kikombe, nusu tu, isije ikamwagika, yaani mikono uliiona na hukusema neno, hiyo siisahau.

Halafu ukanielekeza kwamba mkutano wa wazi naweza kuja hata na mke wangu ila ule wa kufungwa ni wetu wenyewe, na kundi la kwanza lisiponifaa nijaribu lingine (kweli halikunifaa, wanaongea mno wale). Na nimwone daktari kwanza, maana aliyekunywa sana miaka mingi akikata ghafla anaweza kupata degedege, mi nilijua ni kujikaza tu. Namba uliyoniandikia nyuma ya risiti bado iko kwenye pochi, imefutikafutika, nilipiga saa nane usiku ukapokea.

Sasa hivi nina miezi saba. Jumanne nawahi, napanga viti.