Mita kwenye chumba cha giza sio uvivu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kuna kauli naisikia sana kwa wakubwa zetu waliosafisha picha zamani, eti fundi wa kweli anapima kwa jicho na kijana anayeweka mita ya kupima mwanga chini ya enlaja, ile mashine inayomulika filamu na kukuza picha juu ya karatasi, ni mvivu. Naipinga kabisa, maana hela niliyotupa kwenye karatasi za majaribio naijua mwenyewe.

Bila mita unakata kipande cha karatasi ya picha, unakipiga mwanga sekunde 5, 10, 20, developa ya kuitoa picha dakika nzima, fiksa ya kuikaza, unawasha taa kumbe tatizo sio mwanga ni kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, unabadili filta, kile kipande cha rangi kinachopanga kontrasti, unaanza upya. Na filta za Ilford Multigrade, 00 mpaka 3½ zinatumia muda uleule lakini 4 na 5 zinataka mara mbili, aliyesahau anatoa picha imepauka halafu analaumu karatasi.

Mita unaisogeza tu pale chini, taa nyekundu umezima, unapima kivuli ambacho bado unataka nyuzi za kanga zionekane, unapima weupe wa kanzu, tofauti ya hizo mbili ndo inakwambia ushike filta gani.

Ila jamani isetiwe kwanza kwa karatasi yako na developa yako, hapa ndo wengi wanaanguka! Mimi mwanzoni niliamini namba zilizokuja nayo kiwandani, nikaharibu karibu boksi zima kwenye kazi ya harusi, iliniuma sana. Tafuta ile filamu ya Stouffer ya ngazi 21, yaani vipande vya kijivu vinavyozidi kukolea, kila ngazi ni nusu stopu (stopu moja ni mwanga kupungua nusu), ichape kwa kila filta, acha ikauke kabisa kwa sababu karatasi ya faiba, ile isiyo na plastiki, ikikauka ule weupe unaingia kiza kidogo, ndo uhesabu ngazi toka kijivu cha kwanza kinachoonekana mpaka pale weusi unapogota, hiyo ndo tofauti ambayo filta hiyo inaibeba. Andika kwenye daftari. Ukibadili karatasi unarudia.

Jicho halijafukuzwa kazi, uso wa bi harusi uangaze kiasi gani bado unaamua wewe na hakuna mita itakayokuamulia.

Ombi langu kwa wanaofundisha vijana kusafisha picha, wekeni mita hata moja ya kushirikiana, na somo la kwanza liwe kuiseti, kabla mwanafunzi hajachapa picha yoyote.

Msomaji wenu,
Tanga