Utingo naye aandikwe kwenye karatasi za mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie majeraha ya mikono yanayowapata watu wanaosafirisha mabomba na mitambo ya mafuta kwa malori, hasa mautingo, ambao ndio hufunga na kufungua mzigo ilhali majina ya wengi wao hayamo katika karatasi yoyote ya mwajiri.

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa kwa vipande vya chuma vyenye urefu wa mita 18 na kipenyo cha inchi 24, ambavyo vimekuwa vikisafirishwa hadi kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kuwekewa tabaka la kuhifadhi joto, kisha kupakiwa tena kwenda maeneo ya ujenzi. Kipande kimoja, basi, hufungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja, na kila mara kuna mkono wa mtu karibu yake. Ndani ya kambi za miradi mikubwa masharti huwa makali. Wasiwasi wangu uko nje ya geti, kwenye yadi za watu binafsi na maegesho ya kando ya barabara, ambako cheni iliyolegea hukazwa upya usiku kwa mwanga wa tochi ya simu.

Wenzetu wa ofisini hupenda kuandika kwamba majeruhi "hakuwa makini". Waje waone kazi yenyewe. Wenzo wa kukazia cheni hubeba nguvu yote ya mvutano, na ukifunguliwa huruka kabla mtu hajawahi kuondoa mkono. Wengine huuongezea kipande cha bomba ili ukazike zaidi, jambo linalozidisha hatari wakati wa kuufungua. Mzigo ukihama njiani, bomba la juu huwa limeegemea cheni yenyewe, hivyo cheni ikilegezwa bomba hubingirika. Kreni inapoinua, utingo huambiwa ashike ncha kwa kiganja ili bomba lisiyumbe, na linapotua vidole vyake vinakuwa katikati ya mbao na chuma chenye uzito wa tani kadhaa. Glavu, ambayo ndiyo jibu la kwanza la kila msimamizi, huzuia mikwaruzo, tani haizizuii. (Na anayevaa pete aivue kabla ya kupanda juu ya tela, kwa maana pete ikinasa kwenye ndoano wakati wa kuruka chini huondoka na ngozi ya kidole.)

Njia za kuepuka haya zinajulikana na si ghali: kamba ifungwe kwenye ncha ya bomba ili liongozwe kwa mbali, kabari zisukumwe kwa fimbo, zitumike zana za kukazia zinazolegea kidogo kidogo, na mtu asifungue cheni kabla mzigo haujakaguliwa pande zote mbili. Kidole kikikatika, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja, na kisafiri pamoja na majeruhi.

Kinachoniudhi zaidi ni kinachofuata baada ya hospitali. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango yake hutolewa na mwajiri, bila kukata mshahara wa mfanyakazi. Lakini utingo huchukuliwa na dereva na kulipwa kutoka kwenye posho ya safari, hivyo akipoteza vidole mwenye lori husema hamfahamu, na madereva tunabaki kumchangia nauli ya kurudi kwao.

Napendekeza wenye mzigo wadai getini orodha ya mautingo pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri wao anawachangia katika Mfuko, kama wanavyodai leseni ya dereva na bima ya gari. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, nao waifuate orodha hiyo hadi kwenye yadi za wasafirishaji wadogo, na asiyekuwemo asipande juu ya mzigo mpaka mwenye lori amsajili kwa gharama zake.

Dereva wa masafa marefu,
Singida