Barua kwa Hamisi: picha za kasri la Heidelberg

Kikuyu, Dodoma
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za Kondoa? Shemeji na watoto hawajambo? Huku Dodoma tunamshukuru Mungu, ni upepo tu wa msimu huu umeanza na vumbi lake. Ujumbe wako niliupata. Uliuliza picha za Ujerumani ziko wapi, ukasema za kwenye simu huzitaki, unataka zilizosafishwa. Basi zimo humu ndani ya bahasha. Nimeandika namba nyuma ya kila moja. Zitandaze mezani pale studio, uzitazame huku ukisoma. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kamera, na kule nimekuta jambo linalokuhusu kuliko mtu mwingine yeyote ninayemfahamu.

Mji unaitwa Heidelberg, uko kusini-magharibi mwa Ujerumani, kando ya mto Neckar. Kozi yetu ilikuwa na mapumziko mwisho wa juma, na dada mmoja wa Kitanzania anayesoma pale, mwenyeji wa Mpwapwa, akajitolea kunitembeza. Juu ya mji, ubavuni mwa mlima Königstuhl, kuna kasri la watawala wa zamani wa nchi ya Pfalz. Hao walikuwa miongoni mwa wakuu wachache wenye haki ya kupiga kura kumchagua mfalme wa Dola la Ujerumani la zamani, na ukubwa wao unausoma kwenye mawe: mawe ya mchanga, mekundu, ya kuchongwa. Picha ya kwanza niliipiga nikiwa juu ya daraja la zamani. Nadhani utaona mwenyewe kabla sijakwambia. Sehemu kubwa ya kasri haina paa. Ni gofu.

Kabla ya mengine nikueleze mwanga, maana najua hilo ndilo utakaloniuliza kwanza. Mwezi wa Juni jua la kule huchomoza saa kumi na moja na kitu alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Saa tatu usiku, Hamisi! Sisi jua likifika saa kumi na mbili na kitu jioni linaanguka, una dakika chache za mwanga mzuri halafu giza. Kule mwanga wa jioni unakaa. Unageuka polepole kutoka njano kwenda rangi ya shaba, na ukuta mwekundu unageuka nao. Namba 2 na namba 3 ni ukuta uleule, pembe ileile, nimesimama ng'ambo ya mto kwenye njia ya mlimani wanayoiita Philosophenweg. Kilichobadilika ni saa tu.

Kuna kitreni cha kupandia mlima, lakini sisi tulipanda kwa miguu, ngazi zaidi ya 300. Tulifika mapema tukaanzia bustanini, upande wa mashariki, penye jukwaa la mawe liitwalo Scheffelterrasse. Asubuhi unaposimama pale jua liko mgongoni mwako, kasri liko mbele, na chini yake unaona mapaa ya mji na mto. Ndiyo namba 4. Kila mgeni hupiga picha hiyo, nami nimeipiga kwa sababu ni nzuri.

Lakini namba 5 ndiyo iliyonishika. Huo ni mnara uliokuwa ghala la baruti. Majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa yaliliharibu kasri mwaka 1689, yakarudi mwaka 1693, na safari hii ya pili mafundi wao wa milipuko wakaulipua mnara huo. Ukuta wake una unene wa zaidi ya mita 6. Haukusambaratika. Upande mzima ulichanika, ukateleza, ukatua kwenye handaki, na umelala hapohapo hadi leo mawe yakiwa bado yameshikana, kama kipande cha boga kilichokatwa kikawekwa kando. Nilimwomba dada asimame chini yake ili upate kipimo. Mtafute, ni yule mwenye kilemba cha kijani pale pembeni.

Wenyewe walijaribu kulitengeneza baada ya vita. Mwaka 1764 radi ikapiga, moto ukaunguza tena, basi wakakata tamaa. Baada ya hapo kasri likawa machimbo. Mwaka 1767 ukuta wa kusini ulianza kuchukuliwa mawe kwenda kujengea kasri jingine la Schwetzingen, na watu wa mjini nao wakawa wanapanda kuchota mawe ya nyumba zao. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka matofali ya majengo yetu ya zamani yanavyobebwa kwenye matoroli usiku.

Ndani ya ua kuna majengo mawili ambayo lazima nikueleze. Namba 7 ni Ottheinrichsbau, lilianza kujengwa mwaka 1556. Juu umebaki uso tu: sanamu zimesimama kwenye vijumba vyao, na nyuma ya madirisha ya juu hakuna chumba, kuna anga. (Sanamu za nje ni nakala, zenyewe zimehifadhiwa ndani zisiliwe na mvua.) Kulipiga picha ni kazi. Ukiupa ukuta mwanga wa kutosha, anga inaungua inakuwa nyeupe tupu; ukiitunza anga, sanamu zinazama gizani. Nilingoja wingu lipite mbele ya jua. Lilichelewa, lakini lilipokuja nilipata hiyo unayoiona, anga ina rangi na nyuso za sanamu zinasomeka. Ulinifundisha kungoja, na pale ndipo nilipokuelewa.

Jengo la pili ni Friedrichsbau, namba 8. Hilo lina paa, limenyooka, maana walilikarabati kuanzia mwaka 1897. Baada ya hapo wengine wakataka Ottheinrichsbau nalo lirudishiwe paa na vyumba. Mwanahistoria wa sanaa, Georg Dehio, akaandika mwaka 1901 kupinga: kilichobaki kitunzwe kisiendelee kuanguka, na kisichojulikana kilivyokuwa kisibuniwe upya. Mabishano yalikuwa makali. Mwishowe gofu likaachwa gofu. Mimi nakubaliana na Dehio. Nimesimama mbele ya yote mawili, na lile lisilo na paa ndilo linalokueleza yaliyotokea. Na fikiria, wakati wanabishana juu ya paa hilo, serikali yao ilikuwa inatawala huku kwetu. Reli waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910. Ukuta wao uliobomoka waliujadili hivyo. Tembe za babu zetu walizipita tu.

Sasa bustani. Mwaka 1613 Mtawala Friedrich V alimwoa Elizabeth Stuart, binti wa mfalme wa Uingereza, wote wakiwa na miaka 16. Mwaka uliofuata akamwajiri mhandisi Mfaransa, Salomon de Caus, amtengenezee bustani mlimani. Hebu waza mteremko mkali kama wa Mlima Simba, halafu mtu anasema hapa pawe tambarare. Walikata mwamba upande mmoja na kujaza bonde upande mwingine, wakapata ngazi za ardhi zilizopangana kwa umbo la kona, kila moja na kuta zake. De Caus alikuwa fundi wa maji. Alipanga chemchemi, mapango, na ala za muziki zinazopigwa kwa nguvu ya maji. Kisha mwaka 1619 Friedrich akaitwa kuwa mfalme huko Prague, akaenda na mkewe. Novemba 1620 akashindwa vitani, akapoteza ufalme na nchi yake pia. Bustani haikukamilika kamwe.

Ila kabla mambo hayajaharibika kabisa, mwaka huohuo wa 1620, de Caus alichapisha kitabu cha michoro ya bustani nzima jinsi alivyoikusudia. Kwa hiyo leo ukitembea pale kwenye majani, ukipita sanamu ya mzee Rhine, yaani mto Rhine kwa umbo la mtu, aliyejilaza majini (namba 11, angalia kuvu ilivyomwotea), unachokiona ni ardhi iliyochongwa tu. Vingine vyote watu wanavijua kwa sababu ya michoro ile.

Namba 12 usiipite haraka, maana itawafaa jamaa zako wa Hombolo wanaolima zabibu. Ni pipa la mvinyo, wanaliita Pipa Kubwa, la mwaka 1751. Linachukua zaidi ya lita 200,000, na juu yake wamejenga jukwaa la kuchezea dansi. Zamani wakulima wa Pfalz walilipa sehemu ya kodi kwa mvinyo, na wa kila mtu ulimiminwa humo humo, mzuri na mbaya. Nilimweleza dada kwamba kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzungu mmoja aliyekuwa karibu akamwomba amtafsirie, hakuamini. Nilisimama pale nikiwaza wakulima wetu wanaohangaika na mchuzi wa zabibu bila matenki ya kuuhifadhia. Pipa lile liko tupu na watu wanalipa kiingilio kulitazama.

Sasa lile jambo lako. Mwaka 1810 alifika Heidelberg Mfaransa mmoja, Charles de Graimberg, aliyekimbia mapinduzi ya kwao. Alikuta mawe yanaendelea kuchukuliwa. Alikuwa mchoraji. Akahamia humo humo ndani ya gofu, kwenye jengo ambalo madirisha yake yanatazama ua, ili amwone anayekuja kuiba. Akawa mlinzi wa kujitolea kwa miaka. Na kila siku alichora: minara, madirisha, ngazi, mnara uliolala. Michoro ikachongwa, ikachapishwa, ikauzwa kwa wasafiri, nao wakaibeba makwao kote Ulaya. Watu wakaanza kuja kwa sababu walishaiona picha. Walipokuja wengi, kubomoa kukawa aibu. Mfaransa, Hamisi, akilinda kile ambacho jeshi la Ufaransa lilikilipua!

Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa nawaza tembe la babu kule Mvumi. Unalikumbuka, tulilala pale ule mwaka wa harusi ya kaka. Paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka ua wa ng'ombe, mlango mfupi mpaka uiname. Babu alikuwa akilikandika kila mwaka kabla ya mvua. Alipofariki hakukuwa na wa kukandika, mvua zikalishusha, na sasa pana mahindi. Hakuna picha yake hata moja. Nimewaeleza wanangu, mdogo akaniuliza kama juu yake mtu aliweza kutembea. Nikasema ndiyo, na nafaka ilianikwa huko. Akanitazama tu.

Na hapa mjini nako unajua yanavyokwenda. Tangu serikali ihamie, nyumba zinaota kila upande, Mtumba penye ofisi za serikali kumejaa, treni ya umeme inakuja kutoka Dar tangu mwaka 2024. Mimi nafurahi, mji wangu unakua na watoto wanapata kazi. Lakini nyumba za zamani za Uhindini zenye baraza zinapungua. Juzi nimepita mtaa mmoja nikakuta mabati ya mkandarasi yamezungushwa mahali nilipokuwa nikinunua daftari za shule. Simlaumu mwenye kiwanja, ni haki yake. Nilichotamani ni mtu awe amesimama pale asubuhi moja na kamera nzuri kabla ya mabati.

Mtu huyo ni wewe. Nasema kwa moyo wangu wote. Unapiga harusi, kipaimara na pasipoti vizuri kuliko yeyote, na huko Kondoa unaishi karibu na michoro ya kale ya miambani ya Kolo ambayo dunia nzima imeitambua tangu mwaka 2006. Jicho lako limekulia mahali sahihi. Mimi nitabeba stendi, nitaandika jina la kila jengo, nani alilijenga, nani anakaa, wazee wanasemaje. Wewe piga.

Nimeshaanza mipango. Njoo Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwa basi la mchana, utalala kwetu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuanzie stesheni ya zamani, tungoje jua lichomoze upande wa Dar. Kibali nitakuwa nimeshakiomba. Kutoka hapo tutembee hadi Uhindini kabla maduka hayajafunguliwa na magari hayajaziba mbele. Jumapili baada ya ibada twende Mvumi. Mama mdogo amesema kuna kibibi kimoja bado kinakaa kwenye tembe lake na kinapenda wageni, ila tumpelekee sukari na majani ya chai. Picha yake tutaisafisha kubwa, tuirudishe, aiweke ukutani.

Njoo na ile lenzi pana, yangu haiingizi nyumba nzima kwenye mtaa mwembamba. Na betri ya akiba. Nijibu kabla ya Jumatano nimwambie mama mdogo.

Msalimie shemeji. Mwambie mke wangu anaulizia zile mbegu za alizeti.

Ndugu yako,
Elia