Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waongoza Watalii wa Safari za Siku Moja, Nairobi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mlio barabarani. Najua wenzetu kadhaa wataisoma taarifa hii usiku, wakishawarudisha wageni hotelini. Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu, na katibu anayo orodha ya wanachama wapya, kwa hiyo hayo nawaachia wao. Mimi nina jambo moja lililoishughulisha kamati mwaka mzima: nani anaipanga siku ya mgeni?

Ratiba tunazoletewa zimezidi kushindiliwa. Mwezi wa Julai nilipewa mimi mwenyewe karatasi ya familia ya watu watano. Saa kumi na mbili asubuhi Mbuga ya Nairobi, saa tano watoto wa ndovu wa Sheldrick, kituo cha kulelea ndovu mayatima, saa saba twiga wa Lang'ata, saa nane nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, saa tisa kiwanda cha shanga cha Kazuri, kisha soko la vinyago na chakula cha jioni. Ukiisoma ofisini inapendeza. Aliyeiandika hakuweka hata dakika moja ya msongamano wa magari, wala ya mtoto kwenda msalani.

Saa nne kasoro, tukiwa bado ndani ya mbuga, simba jike alitoka kwenye nyasi mbele yetu akifuatwa na watoto watatu. Mmoja alikuwa akiuwinda mkia wa mama yake, anaurukia, anaukosa, anaanguka chali. Kule kwa ndovu saa ya wageni ni moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita, na nafasi hukatwa mapema. Nikawasha gari. Mtoto wa wageni wangu, msichana wa miaka tisa, akaniuliza kwa nini tunamwacha simba ambaye tumempata ili twende kumtafuta mnyama mwingine. Sikuwa na jibu. Na bado tulichelewa: kundi la kwanza la ndovu, wale wadogo kabisa ambao kila mgeni anatamani kuwaona wakikimbilia chupa za maziwa, lilikuwa limeshanyweshwa na kuondolewa. Kwa twiga tulikaa robo saa. Kwa Karen Blixen baba yao alipiga picha akiwa dirishani mwa gari. Nilikuwa na mengi ya kuwaeleza kuhusu nyumba ile iliyojengwa mwaka 1912, na shamba la kahawa lililoshindwa kwa sababu lilikuwa kwenye mwinuko usioifaa kahawa. Sikueleza hata nusu. Jioni walinishukuru kwa adabu, na niliona walivyochoka.

Sasa niwaeleze siku nyingine, maana sikuja kulalamika tu. Mwezi wa Septemba mwenzetu mmoja alipeleka kikundi cha kina mama kutoka Kayole. Walikuwa wamechanga pesa zao kidogokidogo kwenye chama chao, na waliomba sehemu mbili tu: mbuga na ndovu. Mmoja wao ameishi Nairobi zaidi ya miaka arobaini. Mbuga ile ilifunguliwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na yeye alikuwa akiipita kwa matatu ya Mombasa Road akiuona ua wake tu. Mwenzetu aliwasimamisha mahali pale pembe za ndovu zilipochomewa, akawaeleza kwamba mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Yule mama akasema habari ya ule moto wa kwanza aliisikia redioni akiwa na mtoto mgongoni, na siku zote alidhani palikuwa mbali sana, huko Tsavo. Alikaa pale kando ya jivu kwa muda. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akauliza swali ambalo kila mwongozaji angependa kuulizwa: ndovu wa mbuga hii wako wapi? Hawako. Mbuga ni ndogo mno kwao, na wale mayatima wanaolelewa pale pembeni hupelekwa Tsavo wakikua. Kutokana na swali hilo moja mwenzetu alipata mazungumzo ya njia nzima hadi saa tano.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Kuendesha gari kunafanywa na wengi.

Kisa kingine ni kizito zaidi. Wakati wa mvua za Aprili mwanachama wetu aliwapeleka vijana sita Hell's Gate, mbuga iliyo karibu na Naivasha. Waliendesha baiskeli vizuri, wakapita ule mwamba mrefu uitwao mnara wa Fischer, wakakaribia pundamilia na ngiri, maana kule unaruhusiwa kwenda kwa miguu na kwa baiskeli. Baadaye wakataka kushuka korongoni. Juu yao jua lilikuwa linawaka, lakini upande wa Mlima Longonot kulikuwa na wingu zito. Mwenzetu akakataa. Korongo lile halisubiri mvua inyeshe juu ya kichwa chako. Maji hukusanyika huko juu na kuteremka kwa mkupuo kati ya kuta ambazo huwezi kuzipanda. Liliua watu mwaka 2012, likaua tena mwaka 2019, na baadhi yetu tuliwafahamu watu waliokwenda kusaidia kutafuta miili. Vijana walikasirika, wakaiandikia kampuni kwamba wamedhulumiwa. Kampuni ikamkata mwenzetu nusu ya malipo ya siku.

Kamati ilikwenda ofisini kwao mara tatu. Mara ya tatu walilipa. Siku ile maji hayakuja korongoni, na nimeulizwa na watu, hata wanachama, kama kweli tulikuwa na haki ya kudai. Nasema tulikuwa nayo. Mwongozaji anapoamua, hajui litakalotokea saa moja baadaye; anajua wingu analoliona. Akisubiri ajue zaidi ya hapo, atakuwa yuko chini na watoto wa watu.

Wapo walioniambia kwamba mimi nikiikataa ratiba, kesho kampuni itampa mwingine. Ni kweli. Nina mikopo kama nyinyi, na msimu wa chini naujua. Ndiyo maana nalileta mbele ya mkutano mkuu, kwa sababu likikataliwa na mmoja mmoja atakosa kazi, likikataliwa na chama kizima litasikika.

Lakini kabla ya kuwanyooshea kampuni kidole, na sisi tujitazame. Muda wa mgeni tunauiba pia. Mgeni wa Naivasha anasimamishwa kwenye duka la vinyago dakika arobaini kwa sababu dereva ana kamisheni pale, halafu anaambiwa hakuna muda wa kusimama kwenye kile kikanisa cha Mai Mahiu kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitalia mwaka 1942, waliokuwa wakitengeneza barabara ileile anayopita. Hakina kiingilio na hakina kamisheni. Dakika kumi zinakitosha. Nimepokea malalamiko ya aina hiyo mwaka huu, na yote yalihusu wanachama wetu. Majina nimeyaweka kwangu, wenyewe nimezungumza nao. Wale kina mama na vijana wanaouza kofia za ngozi ya kondoo pale kwenye mandhari ya Bonde la Ufa sina ugomvi nao hata kidogo. Mgeni anashuka, anatazama bonde, ananunua akitaka, safari inaendelea. Ninachokataa ni kumfungia mgeni dukani.

Mambo madogo kwa haraka. Ada za mbuga zinalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo mkumbushe mgeni jioni ya kuamkia safari, si langoni. Wakenya waje na vitambulisho, kwani kuna babu aliyebaki ndani ya gari akibishania umri na uraia wake kwa karibu saa nzima. Mikanda ya viti vya nyuma ikaguliwe kila gari litokapo. Waliofaulu mtihani wa waongozaji wa ngazi ya shaba tunawapongeza kwa moyo wote, na wanaorudia, vitabu vya ndege viko kwa katibu.

Kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza, mwanachama asipokee safari ya siku moja yenye vituo zaidi ya vitatu vya kulipiwa, na mwongozaji ndiye apange mfuatano na muda wa kila kituo baada ya kuzungumza na wageni. La pili, kila makubaliano na kampuni yaandikwe kwamba mwongozaji akiahirisha au kukatiza safari kwa usalama, analipwa siku nzima.

Mwisho, safari ya mafunzo. Wengi mmeomba njia ya Magadi, ambako wageni bado ni wachache, na kamati imechagua Olorgesailie. Mashoka ya mawe ya watu wa kale yameachwa yametapakaa palepale yalipofukuliwa, wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walianza kuchimba pale miaka ya 1940, na unayatazama ukiwa juu ya njia ya mbao bila kuyakanyaga. Tutakwenda mahali pamoja tu siku hiyo. Tutaondoka Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili asubuhi kamili. Kila mtu abebe maji yake na kofia, kule chini joto ni kali, na jina lako liwe kwa katibu kabla ya Ijumaa.